Nyumba Iliyokuja na Mpangaji

Kiti cha msusi kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe hadi chini, na mtu akiingia saluni ghafla angedhani kuna maiti ameketishwa mbele ya kioo. Inspekta hakulipenda lile shuka. Akalivuta, akalikunja mara mbili, akakaa mwenyewe kitini.

"Hapo haketi mtu, mama," alisema binti, mdogo wa msusi mwenye kiti.

"Nimeshaketi. Haya, nieleze upya, na safari hii usilie mpaka umalize. Ukimaliza, lia unavyotaka, nitakusubiri."

Binti akafuta pua kwa kiganja. Alikuwa na umri wa kuolewa lakini sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotezwa sokoni. Dada yake, alisema, alikuwa amechoka kusimama. Tangu ana miaka kumi na tano anasimama nyuma ya vichwa vya watu, miguu imeanza kuvimba, na daktari amemwambia atafute kazi ya kukaa. Ndipo mteja mmoja akamletea habari za darasa la wanaoanza kuwekeza kwenye nyumba. Mwalimu wake wanamwita Kocha. Unaanza na nyumba moja ndogo, yenye mpangaji tayari ndani, kodi inaanza kuingia kabla rangi ya mlango haijakauka.

"Akanunua?"

"Alilipa nusu. Akiba yake yote, mama. Aliniletea ufunguo nikaushika. Alisema, mdogo wangu, nikizeeka nitakaa, wewe utanipikia." Binti akakitazama kiti. "Kocha aliwakataza kwenda bila taarifa. Lakini dada yangu unamjua..."

"Simjui. Ndiyo maana niko hapa."

"Hawezi kununua kanga asiikunjue. Jumatatu saluni imefungwa, akasema ngoja niende nikaione tena nyumba yangu mwenyewe, bila Kocha, nimpelekee mpangaji sabuni. Hajarudi mpaka leo."

Zilikuwa zimepita wiki tatu. Kituoni walikuwa na jibu: mtu mzima, hajaibwa, amesafiri. Ushahidi wenyewe ulikuwa ndani ya simu ya mdogo wake. Binti akaubonyeza, na sauti ya mwanamke ikajaa saluni, changamfu kama tangazo la dukani.

"Wateja wangu wapenzi, msinitafute, nipo safarini kwa mambo yangu ya nyumba. Na ninyi mnaosukwa miaka yote mkiwa wapangaji, nendeni kwa Kocha. Mimi nimeanza, na ninyi anzeni."

Nyuma ya maneno ya mwisho kulikuwa na mlio. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika, kama mbuzi aliyeshikwa shingo.

"Rudisha," Inspekta alisema.

Binti akarudisha. Mbuzi akalia tena, akakatika palepale.

"Hicho ni chuma. Ni geti." Inspekta akaegemea. Simu ya msusi ilikuwa ikiwashwa, sauti ikitumwa, kisha ikizimwa. Watu wa mitambo walisema mnara uliopokea unahudumia nusu ya mji. "Sauti ni yake?"

"Yake. Ila hana mbwembwe hizo. Dada yangu akikupenda anakutukana."

"Na nani aliyemkasirikia?"

Jibu lilitoka kabla swali halijatua. "Yule fundi wake! Mchumba wake. Waligombana hapahapa, akapiga teke ndoo ile. Alimwambia utakuja kunililia. Mimi ningekuwa polisi ningeanza na yeye."

"Ungekuwa polisi ungelala saa nne usiku kila siku, kesi zote zimekwisha." Inspekta aliinuka, na alipompita binti akasimama. Kichwa cha binti kilikuwa na misokoto mirefu, iliyofumka mizizini, imekaa muda mrefu kuliko inavyopendeza. Aliushika mmoja, akaupitisha vidoleni. Alikuwa na mabinti wawili na mvulana mmoja nyumbani, na kila Jumapili vichwa viwili kati ya hivyo vitatu vilipita mikononi mwake. Vidole vyake vilijua msokoto unapaswa kuteleza kwenda upande gani. Huu ulikuwa unakataa. Ulikuwa umesokotwa kinyume, kama kamba iliyosukwa mbele ya kioo.

"Dada yako ni mashoto?"

"Tangu kuzaliwa. Bibi alimfunga mkono kwa kitambaa mpaka akachoka yeye. Wateja wanamtania kwamba nywele zake zinaangalia ukutani." Binti akajishika kichwa. "Huu ndio msuko wake wa mwisho. Sijaufumua. Naona nikiufumua nimemfumua yeye."

Inspekta akauachia ule msokoto. Akalirudisha shuka juu ya kiti, halafu akabadili mawazo, akalitupa kwenye kapu la nguo chafu.

"Acha kiti wazi," alisema. "Mwenyewe hajafa."

Akatoka kabla binti hajamuuliza amejuaje. Hakuwa anajua.

*

Fundi alikuwa mtu mfupi, mnene wa mikono, aliyevaa miwani myeusi kivulini. Karakana yake ilikuwa imejaa mageti yaliyoegemeana kama walevi. Konstebo aliyekuja na Inspekta, jitu pana ambalo kituo kizima kililiita Kabati, alijaribu kupita katikati ya mageti hayo, akakwama, akaamua kubaki nje.

"Ulimtishia," Inspekta alisema.

"Nilimwambia ukweli. Siku hizi vinafanana." Fundi alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, kope zimevimba. "Jumatatu ile nilikuwa wodini, afande. Moto wa kuchomelea ulinipiga macho nimevua kioo kama mjinga. Waulize manesi, niliwasumbua vya kutosha. Ningekuwa naona, ningemfuata."

Kabati alikuwa ameshawauliza manesi asubuhi. Walikumbuka matusi yake. Inspekta alijua hilo, lakini aliacha mtu aliseme mwenyewe. Kuna uongo hujitokeza kwenye maelezo ambayo hayakuombwa. Hapa haukujitokeza.

"Ugomvi ulihusu nini?"

"Nyumba. Alinichukua tukaione, mara moja tu. Mimi si msomi wa mambo ya uwekezaji, najua vyuma. Kwanza lile geti. Linalia, afande, linalia mpaka meno yanauma. Nikamwambia yule Kocha wao, lete mafuta kidogo nikunyamazishie hilo, bure, mke wangu mtarajiwa ananunua. Akakataa. Nani anakataa mafuta ya bure?"

"Anayetaka kusikia mtu akiingia," Inspekta alisema.

Fundi akamtazama kidogo. "Sikufika huko."

"Endelea."

"Nyuma kuna stoo. Ndogo, haina dirisha la maana. Mlango wake una komeo nje, jipya, unene wa kidole gumba changu. Stoo ya ndoo na mafagio! Nikasogea. Ndani palikuwa na kijana anamwaga zege sakafuni, zege zito la kubeba mashine. Nikauliza, hili la nini? Kocha akasema panya." Akarudisha miwani usoni. "Nilimwambia mwenzangu njiani: unauziwa mbuzi kwenye gunia, na hilo gunia lina harufu. Akasema namwonea wivu, kwamba nataka abaki kusimama saluni mpaka afe. Nikapiga teke ndoo. Hayo ndiyo mambo yangu, afande. Nifunge kwa ajili ya ndoo."

Kuelekea garini Inspekta alimpigia mkuu wake simu. Alimweleza geti, komeo, sauti. Mkuu alisikiliza kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Sauti inaweza kuwa imerekodiwa siku alipofika, na kutumwa kila wanapotaka," mkuu alisema. "Siwezi kukupa kibali cha kuvunja mlango wa watu kwa sababu geti linalia. Niletee kitu cha wiki hii. Kitu cha leo."

Alichukia kwamba mkuu alikuwa na haki. Kama sauti ilikuwa ya zamani, basi huenda yule mwanamke naye alikuwa wa zamani.

Alipitia ofisi ya ardhi. Karani wa dirishani alitafuta, akarudi akitikisa kichwa: kiwanja kile hakijawahi kubadilishwa jina. Mmiliki ni seremala mmoja mzee, mstaafu.

"Ananikumbusha babu yangu," karani alisema. "Alikuja hapa siku moja kuuliza nyumba inakwenda kwa nani mtu akifa hana mke wala mtoto. Nikamshauri amtafute wakili. Akacheka, akasema bado ana nguvu. Vipi, ameuza?"

"Ndilo ninalotaka kumuuliza," Inspekta alisema.

*

Darasa la Kocha lilifanyika ukumbi wa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Inspekta alijiandikisha kama mwenye duka la nguo, na Kabati kama mdogo wake. Hakuna aliyeuliza jinsi mama mmoja alivyozaa watu wa ukubwa tofauti namna ile.

Kocha hakuwa na sura ya mwizi, na huo ndio ulikuwa mtaji wake. Shati limepigwa pasi, sauti ya upole, saa ya kawaida mkononi. Aliwaita wote "mwekezaji", hata mama mmoja aliyekuwa amesinzia.

"Mwekezaji anayeanza anaharibikiwa kwa sababu moja," alisema. "Anaipenda nyumba. Usiipende nyumba! Mpende mpangaji. Nyumba tupu inakula, nyumba yenye mpangaji inakulisha. Nitakuonyesha nyumba ambayo mtu anaishi, anapika, analipa. Unaanza siku hiyohiyo."

"Sawasawa," Kabati alinong'ona.

"Kanuni ya pili. Mheshimu mpangaji. Usimtokee bila taarifa, usimpekulie makabati. Ukimuudhi, anahama, na uwekezaji wako umekufa."

Inspekta akainua mkono. "Na majirani? Mtu akitaka kuwauliza majirani habari za nyumba?"

Kicheko kidogo kikapita ukumbini. Kocha akakiacha kipite. "Mama yangu, jirani ni nani? Ni mtu aliyeiona nyumba hiyo kabla yako na hakuweza kuinunua. Atakuambia nini kizuri?"

Watu wakapiga makofi. Hata yule aliyesinzia aliamka akapiga. Inspekta akaona jinsi darasa lilivyofanya kazi: kila mlango ambao mtu mwenye akili angepiga hodi kwanza, Kocha alikuwa amewafundisha kuuona kama utovu wa adabu. Msusi peke yake ndiye aliyekosa adabu.

Wakati wa mapumziko Kabati aliegemea. "Lakini afande, ukiondoa wizi, hoja zake zina mashiko. Mimi nina kiwanja cha baba kimelala tu..."

"Ukiondoa sumu, dawa ya panya ni unga. Niite dada."

Kocha aliwafuata mwenyewe. Aliona jinsi Inspekta alivyouliza. Watu wanaouliza, alisema, ndio wanaonunua. Alikuwa na nyumba moja, mwenyewe anaiachia kwa haraka. Wangeweza kuiona mchana uleule.

"Mwenyewe ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Mzee mmoja, seremala. Amehamia kwa wanawe, ng'ambo. Unajua watoto wa siku hizi, wakifanikiwa wanataka wazazi karibu."

"Mungu amewabariki," alisema Inspekta. Akafunga zipu ya mkoba wake taratibu.

*

Geti lililia. Lilianza chini, likapanda, likakatika palepale. Inspekta hakugeuka kumtazama Kabati, lakini alisikia hatua zake zikisita kidogo kwenye changarawe.

Mpangaji aliwapokea mlangoni. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, tabasamu la mtu anayepigwa picha. Redio ilikuwa inaunguruma mahali fulani nyuma ya nyumba, kwa sauti ambayo hakuna mtu angeweza kuifurahia.

"Karibuni, jisikieni nyumbani. Mimi na watoto wangu wawili hapa tumeshazoea, mwaka wa pili huu."

"Wako wapi wanangu?"

"Shule, mama."

Ilikuwa Jumamosi. Kuna shule za Jumamosi, Inspekta alijiambia, tusiwe na papara. Akaangalia kuta. Zilikuwa safi kuanzia dari hadi sakafu, safi hata kwenye usawa wa kiuno ambapo nyumbani kwake palikuwa na alama za viganja, kalamu za rangi na kitu kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiri. Watoto wawili, mwaka wa pili, na ukuta kama sahani mpya. Ama watoto hao walikuwa malaika, ama walikuwa maneno tu.

"Naweza kuona chumba cha kulala?"

"Bila shaka." Mpangaji akatangulia. Kizingitini akapapasa ukuta wa kulia, akakuta hakuna kitu, akahamisha mkono kushoto, akapapasa tena, akaipata swichi. Akacheka kidogo. "Leo nina usingizi."

Kitanda kimoja. Mto mmoja. Jikoni jiko liling'aa, na Inspekta alipofungua bomba lilikohoa hewa kwanza, likatema maji ya kahawia, kisha ndipo maji yenyewe yakaja. Nyumba haikupikiwa, haikuogewa, haikukaliwa. Ilikuwa kibanda cha maonyesho, na Mpangaji alikuwa bidhaa iliyo juu ya meza.

Lakini hata hayo mkuu angemwambia: ulaghai, sawa, tutafungua jalada, je, msusi yuko wapi? Na Inspekta angesema nini? Kwamba ana hisia?

"Mwekezaji umeridhika?" Kocha alikuwa nyuma yake, karibu kuliko alivyodhani. "Unaangalia kama mkaguzi wa afya."

"Nina pesa za jasho, mwanangu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Na huko nyuma?"

"Ua tu. Kamba ya nguo, stoo."

"Nitaona hiyo kamba."

Kocha na Mpangaji walitazamana. Ilikuwa mara moja, kwa kasi ya kope. Mpangaji akatangulia uani karibu mbio, na redio ikawa kubwa zaidi mara walipotoka. Ilikuwa imewekwa juu ya ndoo, kando ya mlango wa stoo. Komeo lilikuwepo, nene kama alivyosema fundi, limesukumwa hadi mwisho. Mpangaji aliinama haraka kuongeza sauti, na alipoinama, kitambaa chake kilinasa kwenye kibanio cha kamba ya nguo, kikabaki kikining'inia.

Upande wa kushoto wa kichwa ulikuwa umesukwa. Misokoto miembamba, mizuri, mizizi imekaza mpaka ngozi inang'aa. Upande wa kulia nywele zilikuwa wima, hazijachanwa, kama kichaka kinachopakana na bustani.

"Maskini!" Inspekta alisema, akacheka kicheko cha saluni, kile ambacho wanawake hucheka wakiwa wamesimama karibu. Akasogea. "Msusi gani huyu anakuacha nusu kichwa? Geuka nikuone. Lakini ana mkono jamani, ana mkono."

Alikuwa ameshaushika msokoto mmoja. Akaupitisha vidoleni.

Ukakataa.

Mizizi ilikuwa mibichi, ngozi bado na uwekundu wa kuvutwa. Msuko wa jana. Labda wa asubuhi ile. Mkono wa kushoto uliotoweka wiki tatu zilizopita ulikuwa umepita hapa, na haukuwa umemaliza.

"Amekusuka nani, dada?" aliuliza, kwa sauti ileile ya kucheka.

"Ni... dada mmoja tu. Yupo yupo." Mpangaji hakuweza kugeuza kichwa, Inspekta hakuwa ameachia. "Alichoka mkono. Atamalizia jioni akipata nguvu."

Maneno yalipomtoka, alionekana kuyasikia yeye mwenyewe. Uso wake ukapauka. Huenda alikuwa ameomba kusukwa kwa tamaa ndogo tu, msusi yupo, hana kazi, kwa nini nywele ziharibike. Watu wanaweza kumfungia binadamu mlango na bado wakamwomba awapendezeshe.

Kocha alikuwa ameacha kutabasamu. "Mama, umekuja kununua nyumba au nywele?"

Inspekta hakumjibu. "Simama kwenye mlango wa nyumba," alimwambia Kabati, bila kugeuka. "Mtu asipite."

"Sawa, afande."

Neno lilitoka kama chafya. Kabati alilisikia, akafumba macho. Redio iliendelea kuunguruma peke yake uani, mtangazaji akicheka utani wake mwenyewe. Kocha alitazama geti, akatazama ukuta, kisha akatazama mlango wa nyumba, na huko Kabati alikuwa amejaa, bega hadi bega, kama samani iliyoletwa ikashindwa kuingia.

"Hiyo ni stoo," Kocha alisema polepole. "Ina dawa ya panya. Mkiifungua bila vifaa mtaumia. Nawaambia kwa wema."

"Mzee seremala amehamia kwa wanawe?"

"Nimeshakuambia."

"Hana mtoto."

Kocha akarudi nyuma hatua moja. Kabati akamshika mkono mmoja, kisha wa pili, na alipomfunga pingu alifanya hivyo kwa uangalifu wa mtu anayetaka kosa lake lisahauliwe. Mpangaji alikuwa ameketi chini, ameshika ule upande wa kichwa usiosukwa.

Inspekta alizima redio. Katika ukimya ule alitega sikio mlangoni. Hakusikia kitu. Akavuta komeo, lilikuwa jipya, limetiwa mafuta vizuri, likateleza bila mlio wowote.

Harufu ilimtangulia: jasho, ndoo, mafuta ya nywele. Mwanga uliingia naye hatua kwa hatua. Stoo ilikuwa na nafasi kuliko alivyotarajia, mtu angeweza kujinyoosha katikati akalala vizuri. Lakini godoro lilikuwa limesukumwa pembeni kabisa, limekunjwa nusu ili lienee, na juu yake mwanamke alikuwa amejikunyata, mgongo umebanwa ukutani, magoti kidevuni, miguu imevimba. Kitana kilikuwa mkononi mwake wa kushoto. Alikuwa amekishika kama kisu.

"Dada," Inspekta alisema. "Mimi ni polisi. Mdogo wako amenituma. Kiti chako kipo, hakuna aliyekikalia."

Ulikuwa uongo mdogo, na ulifanya kazi. Uso wa msusi ulianza kuvunjika, machozi yakaja bila sauti. Alikuwa hai. Inspekta alihisi furaha ambayo hakuwa na haki nayo kazini. Akanyoosha mkono, akapiga hatua mbili kumwendea, akavuka katikati ya sakafu.

"Hapana!" Msusi alipiga kelele, sauti imekauka, kitana kimeinuka. "Si hapo, si hapo! Pita kando!"

Inspekta alisimama. Akatazama chini. Zege lilikuwa jipya na la rangi moja, isipokuwa pale aliposimama. Pale lilikuwa limetitia kidogo, polepole, kama godoro linavyotitia chini ya mtu, kwa urefu wa mtu.

"Walinionyesha siku ya kwanza, ili ninyamaze," msusi alisema. Aliongea taratibu sasa, kama anayemwelekeza mteja mgeni pa kukaa. "Ondoa mguu, dada yangu. Umemkanyaga mwenye nyumba."